Kuweka hadidiski kwenye Amiga 1200, na kwanini ile ya zamani isomwe kwanza

Ukifungua kava la Amiga 1200, ukainua kibodi, ukatoa na lile bati linalokinga bodi, utakutana na mistari miwili ya pini nyembamba zimesimama wima, 44 kwa jumla, wazi kabisa bila hata plastiki ya kuzizunguka. Hapo ndipo hadidiski inapochomekwa. Mashine yenyewe ilitoka Oktoba 1992, kompyuta ya nyumbani ya kuchomeka kwenye TV ya sebuleni, na nyingi ziliuzwa bila hadidiski ndani, lakini Commodore, kampuni iliyoitengeneza, waliweka zile pini kwenye kila moja waliyotoa, hata ya yule mteja ambaye hakuwahi kuwaza kununua hadidiski maishani. Kwangu mimi uamuzi ule ndio unaoifanya A1200 iwe rahisi kuendelea kutumika leo kuliko kompyuta nyingi za rika lake, na ndio maana nimeamua kuandika kwa urefu, sababu naona watu wanazipata hizi mashine, wananunua kadi mpya ya CompactFlash, yani kadi ya kumbukumbu inayokaa badala ya diski, alafu ile diski ya zamani wanaichomoa na kuitupa, na hicho kitendo cha mwisho kinaniuma sana.

Tuanze na maisha ya flopi kwanza ili tuelewane. Flopi moja ya Amiga inabeba kilobaiti 880. Workbench, yani ule mfumo wa madirisha na aikoni, toleo la 3.1 linakuja kwenye flopi sita, na mashine ina mdomo mmoja tu wa flopi. Unataka fonti, inakuomba flopi ya fonti, ukiweka inakuomba urudishe ile ya kwanza, unairudisha, inaomba tena ile ya fonti. Kuna gemu la enzi hizo lilikuja na flopi 11. Na kasi yake hata ikijitahidi vipi haivuki kilobaiti 28 kwa sekunde, sababu kichwa kinasoma treki moja kila flopi ikizunguka na flopi inazunguka mara tano tu kwa sekunde. Hadidiski kwenye A1200 isiyoongezwa kitu chochote inakupa megabaiti moja mpaka mbili hivi kwa sekunde, kwahiyo tofauti unaiona hapo hapo, unawasha na baada ya sekunde chache uko ndani.

Waliokuwa na Amiga 500 walipata shida zaidi. Ile haikuwa na IDE ndani, yani ile njia ya kuunganisha hadidiski ambayo zile pini 44 zinabeba, hadidiski yake rasmi iliitwa A590, sanduku zima linachomekwa ubavuni kushoto, lina paua saplai yake pekee, ndani megabaiti 20, na ilibidi uwe na chipu ya Kickstart 1.3, yani ile ROM yenye programu ya kuanzishia mashine, ndio mashine iweze kuwaka moja kwa moja toka kwenye diski, mwenye 1.2 alilazimika kuanza na flopi kila siku. Ukitoka huko ukaja kwenye pini 44 zilizo wazi ndani ya kava, unaelewa kwanini watu waliipenda.

Sasa yangu. Niliipata kwa mzee mmoja jirani yangu hapa Ujerumani ninapoishi, mstaafu, ilikuwa imekaa stoo miaka na miaka. Ndani ina hadidiski ya inchi 2.5, megabaiti 80, ya kipindi kile kile. Mzee akasema chukua tu kijana, mle ndani kuna vitu nilikuwa naandika zamani, sikumbuki ni nini. Nikampigia rafiki yangu ambaye ni fundi Mwanza, tukawa tunaongea kuhusu hiyo diski, akaniambia "Kaka, diski ya miaka thelathini unaibembelezea nini, chomoa weka kadi uanze maisha." Nikamwambia ndugu yangu, kadi naweza kununua hata kesho asubuhi, lakini kilichomo kwenye hii diski hakipo sehemu nyingine yoyote duniani.

Na hiyo ndio hoja yangu yote kwenye hii makala. Commodore walifilisika Aprili 1994, lakini programu za Amiga hazijapotea, kuna hazina ya Aminet iliyoanza 1992 na mpaka leo unaingia unashusha unachotaka, Workbench yenyewe inapatikana, michezo inapatikana. Kinachopotea ni kile ambacho mtu mmoja alikitengeneza chumbani kwake akakihifadhi kwenye diski moja, barua yake, picha aliyochora kwa Deluxe Paint, nyimbo aliyotunga kwa ProTracker saa nane za usiku. Hizo haziko Aminet. Na diski za zamani hazifi kwa taratibu, inaweza kuzunguka leo vizuri kabisa kesho ikagoma, kichwa kimenata kwenye sahani, ndio basi. Kwahiyo kila unapoiwasha kwa kujaribu jaribu tu unatumia nafasi ambayo haitarudi. Isome kwanza, alafu ndio uje kwenye kadi.

Kabla ya kuiwasha, angalia kapasita za bodi. Zile ndogo za mviringo za kubandikwa juu ya bodi zinavuja kwenye A1200, ni ugonjwa unaojulikana, maji yake yanakula njia za shaba taratibu. Kama huna mkono wa kuchomelea risasi kwenye vitu vidogo mpelekee fundi, sio kazi ya kujifunzia kwenye mashine yenye kumbukumbu za mtu. Alafu umeme. Ile paua saplai nyepesi iliyokuja na A1200 inatoa ampia 3 tu kwenye volti 5, nzito ya Amiga 500 inatoa 4.5 na plagi ni ile ile, ndio maana wengi wanaitafuta hiyo ya A500. Hadidiski ya zamani inavuta umeme mwingi pale inapoanza kuzunguka, ukiwa na umeme wa kubana bana diski inaanza inasita, na kusita huko ndiko hatutaki.

Kitu kingine ambacho kinawatisha watu bure. Unawasha, unasikia diski inaanza kuvuma, lakini kwenye kioo inakuja picha ya kuomba flopi, unadhani diski imekufa. Mara nyingi haijafa. Kickstart imeuliza "kuna diski hapa?" wakati diski bado inatafuta mwendo wake, haikujibiwa, ikaendelea na mambo mengine. Iache izunguke kidogo, bonyeza Ctrl na vile vitufe viwili vya Amiga kwenye kibodi kwa pamoja, mashine inariseti bila kukata umeme, sasa diski iko kwenye mwendo, inajibu, na Workbench inapanda. Ya mzee ilifanya hivyo hivyo, na ilipopanda mandharinyuma ilikuwa bado ile aliyoichagua mwenyewe.

Njia ya kwanza ambayo kila mtu anaifikiria ni kuitoa diski na kuichomeka kwenye laptopu kwa adapta ya USB. Kwa diski za miaka ya mwisho ya tisini inafanya kazi vizuri, na Linux inaelewa partisheni za Amiga na mfumo wake wa mafaili bila kuongeza kitu, unapiga kopi ya diski nzima kwa ddrescue unamaliza. Tatizo ni diski za mwanzo mwanzo. Hizo zinataka uziambie silinda gani, kichwa gani, sekta gani, hazijui ile namna ya baadaye ya kuhesabu sekta moja mbili tatu mpaka mwisho, na adapta nyingi za USB zinajua hiyo ya baadaye tu. Ukichomeka hakuna kinachotokea, mtu anasema diski mbovu kumbe haina tatizo lolote.

Kwa diski kama hizo kompyuta bora ya kuzisomea ni Amiga yenyewe. Ubavuni kushoto A1200 ina mdomo wa PCMCIA, ule wa kadi za laptopu za zamani. Unanunua adapta ya bei rahisi ya kuweka CompactFlash humo, unaweka draiva ya compactflash.device pamoja na fat95 inayoelewa mafaili ya Windows, zote ziko Aminet, na kadi inatokea kwenye Workbench kama diski ya kawaida. Utauliza draiva zenyewe zinafikaje kwenye Amiga isiyo na intaneti. Zinaingia kwa flopi. Workbench tangu 2.1 ina CrossDOS, inasoma flopi za PC za kilobaiti 720, kwahiyo drevu ya flopi ya USB kwenye laptopu na flopi ya aina ya DD vinatosha kabisa, ila isiwe flopi ya HD ya megabaiti 1.44. Ukishapata hapo unakopi droo, yani folda za Amiga, moja baada ya nyingine, kwa utulivu, na vile ambavyo ni vya mtu binafsi uvitangulize, mfumo wenyewe uwe wa mwisho sababu huo unapatikana popote.

Kwenye ile diski kulikuwa na barua, kulikuwa na mahesabu ya klabu yao ya bustani, na kulikuwa na droo ya nyimbo. Nyimbo za Amiga ni mafaili madogo tu, ndani yake kuna sampuli za sauti na maelekezo ya sampuli gani ipigwe lini kwenye chaneli nne, kwahiyo hata laptopu ya leo inazipiga bila shida. Nilimuwekea mzee kwenye flashi nikampelekea. Alisikiliza ya kwanza akaniambia hii nilimtungia mke wangu. Tukasikiliza zote siku hiyo, na zingine alikuwa hazikumbuki kabisa, anauliza hii ni yangu kweli? Ilikuwa yake, jina lake limeandikwa ndani ya faili.

Sasa twende kwenye kadi mpya, maana ndio iliyowaleta wengi.

CompactFlash inafaa sana hapa sababu ndani yake tayari inaongea IDE, adapta ya kuiunganisha haina akili yoyote, ni njia za shaba tu toka kadi kwenda kwenye pini. Adapta za SD zina chipu katikati ya kutafsiri, zingine ziko vizuri, zingine zinasumbua. Kati ya zile pini 44, arobaini ni za IDE ya kawaida na zilizobaki ni za umeme, volti 5 inapita namba 41 na 42, kwahiyo kadi au diski ya laptopu haihitaji waya mwingine. Zamani watu walikuwa wanalazimisha diski kubwa za inchi 3.5 sababu zilikuwa bei nafuu, hizo zinataka na volti 12, wakawa wanaivuta toka kwenye waya wa flopi na kukata kava kwa ndani ili iingie. Leo hakuna sababu ya kufanya hivyo. Ila kuwa makini na pini zenyewe, nimeshasema ziko wazi, hakuna kinachokuzuia kuchomeka plagi ukiwa umeruka mstari mmoja, na ukiruka unapeleka volti 5 sehemu isiyostahili. Angalia kwa tochi, hesabu pini kila upande, ndio uwashe. Waya nao uwe mfupi.

Kugawa kadi partisheni unaweza kufanyia kwenye Amiga kwa HDToolBox, programu yake ya kuandaa hadidiski, au kwenye PC kwa WinUAE, programu inayoiga Amiga, unaipa kadi halisi kama hadidiski, unasakinisha Workbench humo, unaitoa unaiweka kwenye A1200 inawaka. Mi napendelea WinUAE sababu ni haraka. Lakini Windows ikiiona hiyo kadi haielewi kilichomo, itakuuliza kama unataka kuiandaa au kuifomati. Kataa. Ukikubali inaandika mambo yake mwanzoni kabisa mwa diski, na pale mwanzoni ndipo Amiga inapoweka kitu muhimu kuliko vyote, RDB.

RDB ndio sehemu ninayoipenda zaidi kwenye habari yote hii. Amiga ikiwaka inapekua bloku 16 za kwanza za diski kutafuta alama ya RDSK. Ikiipata inasoma hapo partisheni ziko ngapi, zinaanzia wapi zinaishia wapi, zinaitwaje, ipi ijaribiwe kwanza kuwasha mashine. Mpaka hapo ni kawaida, PC nayo inafanya kitu cha aina hiyo. Lakini RDB inaweza kubeba na programu yenyewe ya mfumo wa mafaili, kodi kamili, imehifadhiwa kwenye bloku za diski hiyo hiyo. Diski inakuja kama mgeni aliyeongozana na mkalimani wake. Kwahiyo ROM ya 1992 inayojua FastFileSystem tu inaweza kuwaka toka kwenye diski yenye mfumo wa mafaili ulioandikwa miaka mingi baadaye, hakuna chipu ya kubadilisha, ROM inapakia kodi toka kwenye RDB kisha inaendelea kana kwamba iliijua siku zote. Watu waliobuni hivi walijua kwamba hawajui yote yatakayokuja, wakaacha nafasi, na kila nikitayarisha kadi mpya nawaheshimu zaidi.

Ndio maana nashauri uweke PFS3, mfumo mwingine wa mafaili, badala ya kubaki na FastFileSystem (FFS). FFS mashine ikizimika katikati ya kuandika, ramani ya bloku zilizotumika inabaki haieleweki, ukiwasha tena inaanza kuhakiki partisheni yote, na mpaka imalize huwezi kuandika kitu. PFS3 inaandika mabadiliko pembeni kwanza alafu inahamia kwa mara moja, umeme ukikatika unabaki na hali ya zamani au hali mpya, sio ya katikati. Kwa kompyuta ambayo njia yake ya kuzima ni kubonyeza swichi tu, huo ni usalama mkubwa.

Kuna mipaka miwili ambayo lazima uijue, na yote inaua data kimya kimya bila ujumbe wowote wa kosa.

Mpaka wa kwanza ni gigabaiti 4. Kwenye Kickstart 3.0 na 3.1 draiva inapokea mahali pa kuandika kama namba ya baiti ya biti 32, na namba kubwa kabisa ya biti 32 inaishia kwenye gigabaiti 4. Ukiiambia iandike mbele ya hapo hesabu inazunguka inarudi sifuri, na inaandika mwanzoni mwa diski. Mwanzoni kuna nini? RDB. Mtu anaweka kadi ya gigabaiti 32, kila kitu kinaenda vizuri miezi kadhaa, siku partisheni ya mwisho inajaa kupita huo mstari kadi nzima inapotea. Nunua kadi ya gigabaiti 4, au kubwa lakini partisheni zote ziishie ndani ya hizo nne na iliyobaki iache tupu. Matoleo mapya ya mfumo, 3.1.4 ya mwaka 2018 na 3.2 ya 2021, yameondoa huo mpaka, ila yanataka chipu mpya za ROM, na kwa matumizi ya Amiga kwakweli gigabaiti 4 ni nyingi mno, ni mara hamsini ya diski aliyoitumia mzee miaka yote ile na hakuijaza.

Mpaka wa pili ni ile thamani inayoitwa MaxTransfer, ipo HDToolBox kwenye mipangilio ya kila partisheni. IDE inaagiza sekta kwa kaunta ya biti 8, yani kwa oda moja mwisho ni sekta 256 za baiti 512, kilobaiti 128. Ukiacha MaxTransfer kubwa kama inavyokuja, faili likizidi hapo linaweza kufika limeharibika katikati, na madogo yote yako salama kwahiyo hushtuki. Andika 0x1FE00, hiyo ni sekta 255, umeibana chini ya mpaka. Fanya hivyo kwa kila partisheni, sio ya kwanza tu, alafu kopi faili kubwa kwenda na kurudi ulinganishe.

Baada ya hapo kuna gemu. Gemu nyingi za Amiga zilikuwa haziutambui mfumo kabisa, zinawaka toka kwenye flopi, zinateka mashine nzima, zinasoma treki kwa namna yao wenyewe, kwahiyo hata mwenye hadidiski mwaka 1993 alikuwa anabadilisha flopi kama wengine. Suluhisho ni WHDLoad, kila gemu linaandikiwa kiraka chake ili lisome toka hadidiski na ukimaliza urudi Workbench. Inapenda kupakia data za flopi kwenye memori kabla ya kuanza, na megabaiti 2 za A1200 hazitoshi kwa mengi, ndio maana karibu kila anayeweka kadi anaishia kuongeza memori ya megabaiti 8 kwenye kile kimlango cha chini.

Na hapo narudia mpangilio wa kazi, sababu kuna mgongano ambao haujaandikwa kwenye boksi la bodi nyingi za memori. Megabaiti 8 za aina hiyo zinakalia anwani zile zile zinazotumiwa na PCMCIA, kwahiyo ukiiweka memori yote, mdomo wa PCMCIA unakufa na ile njia ya kuokoa mafaili ya diski ya zamani inafungwa. Bodi nyingi zina jampa, kile kiplagi kidogo cha kuunganisha pini mbili, ya kupunguza mpaka megabaiti 4. Iweke hapo kwenye 4, maliza kukopi diski ya zamani yote, hakikisha mafaili yanafunguka kwenye kompyuta nyingine, kopi ya pili uiweke sehemu tofauti, ndio uhamishe jampa kwenda 8.